Behewa la Magurudumu Sita

Nyumbani kwa wazazi,
Jumatano asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe, shemeji na wanangu watatu. Sisi huku hatujambo kwa kiasi kinachoruhusiwa na umri. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote. Baba jicho la kushoto limekwisha kazi, na la kulia daktari analitazama kila mwezi bila kusema mengi. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, ambao ni haki ya mtu aliyeishi maisha yake ameinamia meza. Natumaini karakana yako ya pampu inaendelea vyema na kwamba wateja wako bado wanarudi kwa sababu nzuri.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Tumezoea, wewe nami, kupelekeana salamu kupitia kwa mama, kama watu wanaopitishiana chumvi mezani bila kutazamana. Nimechagua kuandika kwa kuwa jambo nililo nalo lina hatua, na kila hatua inaitegemea iliyotangulia. Kwenye simu ungenikatiza, na ungekuwa na haki. Nakuomba uisome yote mpaka kwenye sahihi, hata ukikasirika njiani.

Kazi yangu ya mchana unaijua: nafundisha hesabu chuoni. Ile nyingine umeisikia kwa fununu tu. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikilinganisha matoleo ya zamani ya modeli moja ndogo ya injini ya treni ya mvuke, ileile iliyomo katika kabati la vioo sebuleni kwetu, ambayo baba alizawadiwa na wenzake wa karakana ya reli alipotimiza miaka ishirini kazini. Nimetunga kitabu juu yake, kurasa mia moja na kumi, kinachosomwa na watu wasiozidi mia nne. Lakini hao mia nne hukisoma jinsi mwanasheria anavyosoma hati ya kiwanja. Mkusanyaji akiletewa injini hiyo, hukifungua kwanza kitabu, na anachokikuta humo ndicho kinachoamua kama alicho nacho mkononi ni halisi au ni viraka. Katika chama chetu cha wakusanyaji wananiita Bwana Ribiti, kwa sababu nahesabu ribiti, vile vijisumari vinavyounganisha mabati ya injini, moja moja kabla ya kusema lolote. Wewe uliniita Karani nilipokuwa na miaka saba. Naona dunia haijaongeza chochote kwenye uchunguzi wako.

Matoleo yenyewe ni matatu. La kwanza lina bomba la moshi lenye ukingo wa shaba, ribiti ishirini na mbili kila ubavu wa boila, na rangi ya kijani kilichokolea ambacho kikizeeka huelekea weusi. La pili bomba limefupishwa, ukingo ni bati lililopakwa rangi ya shaba, na ribiti ni kumi na nane. Kiwanda kilikuwa kimeanza kujibana. La tatu ribiti ni za kuchorwa tu: ukipitisha kidole husikii kitu. Wakusanyaji husema toleo la tatu ni baya. Mimi nimeandika kwamba si baya, bali halina haya.

Katika hayo hakuna mzozo. Mzozo uko kwenye behewa la makaa, lile dogo linalofuata nyuma ya injini. Kijitabu cha bidhaa cha kiwanda kina picha ya toleo la kwanza likivuta behewa la magurudumu manane. Kutokana na picha hiyo chama kizima kilijifunza kwamba toleo la kwanza ni magurudumu manane, na kwamba behewa lolote la magurudumu sita lililofungwa nyuma yake ni la kupachikwa. Nami nilifundisha hivyo, ukurasa wa thelathini na moja, bila kusita.

Picha hiyo wewe unaijua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopewa kijitabu kile na mwenye duka la vitabu. Nikakifungua mezani wakati wa chakula cha mchana, nikahesabu kwenye picha, nikainuka nikahesabu kabatini, nikatangaza kwamba behewa la baba si lake. Sikusema kwa ubaya. Nilisema jinsi mtoto anavyosema kwamba saa ya ukutani imesimama. Baba aliweka kijiko chini, akaenda kuhesabu mwenyewe, kisha akauliza nani amefungua kabati. Wewe, ukiwa na miaka kumi na sita, ulikiri kwamba alasiri moja uliitoa injini kuwaonyesha wenzako wa shule, ukairudisha kama ulivyoikuta. Kuhusu behewa uliapa kwamba hukubadilisha chochote. Baba alisema aliyefungua kabati amekwisha jibu nusu ya swali, na nusu iliyobaki ataijibu kwa kulileta behewa. Mtaa ukapata la kusema. Hata mwuza magazeti alianza kukuita Magurudumu Sita, na nakumbuka kwamba mara ya kwanza ulicheka. Mwezi ulipokwisha bila behewa, baba alikufukuza, nawe ulifunga sanduku lako ukaenda kuishi kwa shangazi.

Miaka mitatu baadaye, ulipopata kazi yako ya kwanza, kilikuja kifurushi. Ndani mlikuwa na behewa la magurudumu manane, limefungwa vizuri katika pamba, bila barua. Leo naelewa kwamba ulilitafuta mahali ukalinunua ili jambo liishe. Baba alielewa vingine. Alisema, kumbe muda wote huo alikuwa nalo. Akalifunga nyuma ya injini, lile la magurudumu sita akalitia katika sanduku la vifaa, na mashaka madogo aliyokuwa amebaki nayo yakamwisha siku hiyo. Kifurushi kile, Kaka, ndicho ushahidi pekee dhidi yako uliopata kupatikana, nawe ndiwe uliyeupeleka posta. Harusini kwangu ulikuja ukakaa safu ya mwisho, na baba akakupita jinsi mtu anavyoipita nguzo ya taa.

Sasa nije kwenye habari mpya. Chama chetu hukutana katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ofisi: viti vya kukunja, meza moja ndefu, kitambaa kisichoacha nyuzi. Katibu wetu mpya ni daktari wa meno, mama wa makamo mwenye sauti ya kumwamuru mtu afungue kinywa. Mwezi uliopita alisimama na karatasi zake akatueleza kwamba amekusanya taarifa za injini kumi na tisa za toleo la kwanza. Kumi na mbili zina behewa la magurudumu sita, na saba tu ndizo zenye manane. Akaniuliza mbele ya wote ni mwizi wa namna gani huyo aliyezunguka akiiba mabehewa kwa dazeni, halafu akawa na adabu ya kuacha mengine mahali pake, tena ya rangi ileile. Watu walicheka sana. Nilimjibu kwa utaratibu, nikaitaja picha. Akasema kwamba yeye hang'oi jino la mtu kwa kutazama picha ya jino la mtu mwingine.

Wiki mbili zilizopita mjane wa mfamasia mmoja alituletea sanduku ambalo marehemu mumewe hakuwahi kulifungua, kwa kuwa aliamini kwamba kitu kikishafunguliwa kimekufa. Karatasi ya muhuri wa kiwanda ilikuwa nzima pembe zote nne. Watu watatu tuliikagua kwa lenzi kabla ya kuikata, na tulichukua muda. Mjane alituhimiza. Alisema mumewe alimtunza hata yeye vivyo hivyo, miaka arobaini ndani ya kasha, na angependa angalau mmoja wao atoke. Ndani ilikuwa injini ya toleo la kwanza, ukingo wa shaba, ribiti ishirini na mbili, na nyuma yake behewa la magurudumu sita. Daktari wa meno aliigeuza juu chini kama mtu aliyezoea kutazama visivyoonekana. Chini ya sakafu ya injini ilipigwa namba 388. Chini ya behewa, katikati ya ekseli, palikuwa na namba 388.

Hitimisho halina njia mbili. Picha ya kijitabu ilichorwa kutoka kwenye sampuli, kabla kiwanda hakijaamua nini kitatoka. Behewa la magurudumu manane lilikuja baadaye, pamoja na toleo la pili. Wale saba wenye manane waliyanunua wenyewe na kuyafunga, ili injini zao zifanane na picha. Watano kati yao walifanya hivyo baada ya kusoma ukurasa wangu wa thelathini na moja, na mabehewa yao halisi wameyagawa au kuyatupa. Daktari wa meno alisema kitabu changu kimeng'oa meno mazima na kupachika ya bandia. Nimeiandika sentensi hiyo katika daftari langu, kwa kuwa ni muhtasari sahihi.

Kwa hiyo, Kaka: behewa la magurudumu sita lilikuwa la injini ile tangu siku ilipotoka kiwandani. Hukubadilisha chochote. Ulifukuzwa kwa kushindwa kuleta kitu ambacho hakikuwahi kutengenezwa.

Ningeweza kuishia hapa. Kila sentensi niliyoiandika mpaka sasa ni ya kweli, nawe ungeamini kwamba mdogo wako aliupata ukweli wiki mbili zilizopita akakimbia kukuandikia. Rasimu ya kwanza ya barua hii ilikoma papa hapa, na ilikuwa barua nzuri. Niliichana.

Sanduku la mjane halikunifundisha kitu. Nimejua kwa miaka minne. Baba alipolazwa kwa upasuaji wa jicho nilikuja kukaa na mama, na bawaba ya mlango wa bafu ilikuwa imelegea. Nilifungua sanduku la vifaa kutafuta bisibisi. Chini kabisa, katika kipande cha fulana kuukuu, nikalikuta behewa. Nililigeuza. Sisi wakusanyaji hatuna desturi hiyo. Namba ya injini tunaijua, lakini behewa kwetu ni kifuasi, na kifuasi hutazamwa kwa ubavu, jinsi kilivyo pichani. Chini yake paliandikwa 217. Nikaenda kabatini, nikaitoa injini: 217. Nikaligeuza na lile ulilolituma wewe: 3041, namba ya toleo la pili. Kazi nzima haikufika dakika kumi. Kwa miaka thelathini ushahidi ulikuwa umelala humu ndani ya nyumba, katika kitu ambacho ningeweza kukishika wakati wowote, na mtaalamu wake alikuwa akila chakula chumba cha pili.

Nililifunga tena katika fulana nikalirudisha. Mwezi uleule kitabu changu kilikuwa kwa mpiga chapa kwa mara ya pili, na ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa ukisubiri idhini yangu. Nilijiambia kwamba mfano mmoja si ushahidi. Hiyo ni kanuni njema na nimeifundisha kwa miaka mingi. Lakini mtu anayehitaji mfano wa pili huutafuta, nami sikuutafuta. Nilitia sahihi. Jumapili zote za miaka hiyo minne nilikuja hapa, nikala, na baba akawaambia wageni kwamba mimi ndiye jicho lake lililobaki.

Wala usidhani kwamba niliogopea kitabu peke yake. Katika nyumba yenye wana wawili, mmoja akiwa mwizi, mwenzake huwa mwaminifu bila kufanya kazi yoyote. Nilikuwa nimekizoea cheo hicho. Kingekuwa kigumu kukirudisha, kwa sababu sikujua ningebaki na nini. Haya nayaandika kama maelezo, si kama utetezi. Msamaha sikuombi kwa barua, maana ningekuwa nakuongezea kazi juu ya hasara. Ukurasa wa thelathini na moja nimekwisha uandika upya, na umo humu bahashani. Aya ya mwisho inaeleza kwamba mwandishi aliujua ukweli miaka minne kabla ya kuutangaza. Daktari wa meno ameisoma, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, akasema basi tusitie ganzi.

Juzi Jumatatu niliwaambia wazazi. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso, alisema mtoto aliapa, nasi tukaondoka tukaenda kuiuliza picha. Kisha akataka kujua kama huko chuoni wana habari kwamba mwalimu wao hajui kugeuza kitu. Baba aliagiza aletewe vyote, injini na mabehewa mawili, akaviweka mapajani. Jicho halimsaidii tena kwa vitu vidogo, kwa hiyo alizisoma namba kwa kidole gumba, akizitamka moja moja, mbili, moja, saba, huku na huku, kisha akarudia. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nilimwambia. Hakunigombeza. Alisema nitoke nimwachie hewa, na mchana huo hakula.

Jana Jumanne, saa nne asubuhi, alimwomba mama daftari lake la namba za simu. Baba ana simu yake ya vitufe vikubwa, ambayo tangu inunuliwe amempigia daktari tu. Mimi sikuruhusiwa kuwamo chumbani, lakini mama aliniamuru nisimame ukumbini, na simu hiyo inapiga kelele kama redio. Kwa hiyo, Kaka, ile namba usiyoijua iliyokupigia jana, ukauliza ni nani mara tatu, kisha ukasema kama ana pampu mbovu ailete tu, maana wewe hutengenezi pampu kwa kunyamaziwa: huyo alikuwa baba. Aliishika simu kwa mikono miwili mpaka ulipokata.

Aliiweka simu juu ya daftari la mama. Halafu akasema kwamba nyuma yako kulikuwa na pampu inayozunguka, na vali yake imelegea. Inagonga mara mbili inaporudi, na ilipaswa kugonga mara moja. Alisema kama ni ya mteja isitoke karakanani namna ile, itarudi baada ya wiki, na watu watasema fundi ni tapeli. Mama akamwuliza kama hilo ndilo alilompigia mwanawe baada ya miaka thelathini na minne. Baba alijibu kwamba alikuwa na neno jingine tayari mdomoni, ila vali aliisikia kwanza.

Leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika, nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alisafisha miwani isiyomsaidia, akasema nikuandikie habari ya vali. Nilimwuliza kama kuna nyongeza. Alisema ipo, lakini haiandikwi na mtu mwingine. Basi naandika kama nilivyoagizwa, bila kuongeza wala kupunguza: itazame vali ya pampu ile, inagonga mara mbili. Na amesema atapiga tena, asikie kama umeitengeneza.

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Mama anakusalimu na amenikataza nisieleze kwa maneno gani, kwa kuwa anasema ninayafupisha. Kukiwa na jibu, liwe refu au liwe la tusi, nitalipokea.

Ndimi mdogo wako,

Karani.